Skrini nyeusi si skrini iliyofungwa: historia ya saa moja iliyopewa kazi tatu

Chukua kompyuta yoyote ya mezani, iwashe, halafu iache. Usiguse kibodi wala kipanya. Baada ya dakika kadhaa mwanga unafifia au skrini inakuwa nyeusi kabisa. Ukirudi na kutikisa kipanya, huenda ukaombwa neno la siri, na huenda usiombwe. Wengi wetu tunaliona hili kama jambo moja tu: kompyuta "imelala". Ndiyo maana kwenye maabara za vyuo na kwenye ofisi utamkuta mtu anakwenda zake kula, akiamini kwamba skrini ikizima basi mambo yake yako salama. Anayefuata kukalia kile kiti anatikisa kipanya, na barua pepe za mwenzake zinamfungukia palepale.

Kumbe pale hakuna jambo moja, yako matatu. Kuna kulinda skrini isiharibike, kuna kubana matumizi ya umeme, na kuna kumzuia mtu mwingine asiguse kazi yako. Kila moja lilizaliwa wakati wake, kwa sababu yake, na kutoka kwa watu tofauti. Yote matatu yakaishia kutegemea kitu kimoja: saa inayohesabu muda uliopita tangu ulipoigusa kompyuta mara ya mwisho. Ukiijua historia hiyo, ukurasa wa mipangilio ya skrini unaanza kueleweka. Tuanze na kazi iliyowahi kuipa kompyuta binafsi sababu ya kuzima picha.

Skrini iliyokuwa inachoka

Skrini za zamani, zile za chogo ambazo bado utazikuta zimerundikwa kwenye stoo za ofisi nyingi, zilikuwa mirija mikubwa ya kioo iliyoondolewa hewa. Kwenye chogo kulikaa kifaa cha kurusha elektroni kuja mbele. Upande wa mbele, kwa ndani, kioo kilipakwa fosfori, unga ambao ukigongwa na elektroni unatoa mwanga. Herufi uliyoisoma ilikuwa ni sehemu ya unga huo inayogongwa tena na tena, makumi ya mara kwa kila sekunde.

Sasa, fosfori inachoka. Kadiri inavyogongwa ndivyo uwezo wake wa kung'aa unavyopungua. Picha ikibadilika kila mara, kama ilivyo kwenye televisheni, uchovu unasambaa na jicho halioni tofauti. Lakini kompyuta ya ofisini ilionyesha menyu ileile, mahali palepale, kutwa nzima, siku baada ya siku. Mwisho wa yote umbo la menyu lilibaki kwenye kioo kama kivuli, hata skrini ikiwa imezimwa.

Atari walilifikiria hilo mapema. Kompyuta zao za Atari 400 na 800, zilizoingia sokoni Marekani mwaka 1979, ziliunganishwa kwenye televisheni ya nyumbani, na kuharibu televisheni ya familia si jambo dogo. Kwenye kumbukumbu ya mashine, katika anwani namba 77, waliweka kihesabio. Kila baada ya sekunde nne hivi kihesabio kiliongezeka kwa moja. Ukibonyeza kitufe cha kibodi, kinarudi sifuri. Kikifika 128, yaani baada ya dakika tisa hivi, rangi za skrini zinaanza kubadilika zenyewe na mwanga unapunguzwa.

Ona kilichofuata. Kihesabio kilisikiliza kibodi peke yake, hakikusikiliza joistiki. Mtu aliyekuwa anacheza gemu kwa joistiki, tena kwa nguvu zake zote, alihesabiwa kama hayupo. Katikati ya mchezo rangi zinaanza kucheza. Dawa yake waandishi wa programu waliijua: andika POKE 77,0 ndani ya programu, na kila amri hiyo inapopita, kihesabio kinarudi sifuri. Huo ni mwanzo wa jambo tunalolifanya hadi leo, la kuiambia kompyuta "niko hapa, usizime".

Kwenye IBM PC kazi hii ilifanywa na John Socha, yule aliyekuja kujulikana zaidi kwa programu ya Norton Commander. Desemba 1983 jarida la Softalk lilichapisha programu yake ndogo iliyoitwa SCRNSAVE. Haikuwa na urembo wowote: dakika tatu zikipita bila kuguswa, skrini inakuwa nyeusi, ukibonyeza kitufe picha inarudi. Je, ukitaka dakika tano? Ilibidi ubadilishe msimbo wenyewe na kuutengeneza upya. Lisa ya Apple, iliyotoka mwaka huohuo, ilikuwa ya kwanza kumwachia mtumiaji achague mwenyewe muda wa kusubiri. Kwa hiyo hoja ya "nipangie ninavyotaka" ina umri sawa na skrinseva yenyewe.

Katika hadithi yote hii hujasikia neno la siri likitajwa. Socha alikuwa analinda kioo. Mtu yeyote aliyepita na kubonyeza kitufe aliona kila kitu, na hilo halikuwa kosa la programu, kwa sababu haikuandikwa kwa kazi hiyo.

Nani amekaa kwenye kiti changu?

Kufuli lina ukoo mwingine kabisa. Ili uhitaji kufuli lazima kwanza uwe na mashine inayotumiwa na watu wengi. Mashine hizo zilikuwepo vyuoni miaka mingi kabla ya kompyuta binafsi. Pale MIT, mfumo wa CTSS uliosimamiwa na Fernando Corbató ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Watu wengi waliitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na mafaili yake na mgao wake wa saa, na hapo ndipo neno la siri lilipoingia kwenye kompyuta. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu aitwaye Allan Scherr, aliyeona mgao wake haumtoshi, alifanikiwa kuifanya mashine imchapie orodha nzima ya maneno ya siri ili atumie muda wa wenzake. Wanafunzi ni walewale.

Neno la siri lilimlinda mtu wakati wa kuingia. Je, akiinuka kidogo kwenda msalani? Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ililijibu hilo katika toleo la 3BSD la mwishoni mwa 1979, kwa amri fupi iitwayo lock. Unaiandika, unaipa neno la muda, na kituo chako hakimkubali mtu mpaka neno lile lirudiwe. Muda wake wa kawaida ulikuja kuwa dakika 15. Zikiisha hizo, lock inaachia. Leo tungeona ajabu kufuli kujifungua lenyewe, lakini vituo vilikuwa vichache na foleni ilikuwa ndefu, na mtu hakupaswa kukishikilia kiti na kupotea.

Kwa hiyo katika miaka ya 1980 tulikuwa na saa mbili zenye nia tofauti kabisa. Saa ya Socha ilisubiri mtu atulie ndipo ifanye kazi. Saa ya Berkeley ilisubiri mtu apotee mno ndipo iache kazi.

Ndoa ya mambo haya mawili ilikuja na skrini za picha. Windows 3.1 ya mwaka 1992 ilikuwa na skrinseva ambayo ungeweza kuiwekea neno la siri. Ilikuwa njia ya mkato inayoeleweka: skrinseva tayari ilijua kwamba mtu hayupo, basi kwa nini isimwulize akirudi? Shida ni kwamba lilikuwa pazia lililopewa kazi ya mlango. Ukizima mashine na kuiwasha tena, pazia halipo. Hata Windows 95 iliyofuata, kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani au ofisini, ilikuruhusu kubonyeza Esc kwenye kisanduku cha neno la siri na kuingia ndani bila wasiwasi.

Windows NT ya mwaka 1993 ilijengwa kwa fikra nyingine. Vitufe vya Ctrl, Alt na Del vikibonyezwa pamoja vilipokelewa na kiini cha mfumo wenyewe, mahali ambapo programu ya kawaida haiwezi kuingilia. Mtu hakuweza kukutengenezea skrini ya bandia ya kuombea neno la siri ikaendelea kukudanganya baada ya wewe kubonyeza vitufe vile. Hapo kufuli likawa sehemu ya nyumba, likaacha kuwa pazia.

Bili ya umeme inaingia

Wakati huohuo skrinseva zilikuwa zimegeuka burudani. Mwaka 1989 kampuni ya Berkeley Systems ilitoa After Dark kwa kompyuta za Macintosh, maarufu kwa tosta zake zenye mabawa zinazokatiza skrini. Huku kwetu wengi walizijua skrinseva kupitia Windows, zile nyota zinazokimbia na yale mabomba yanayojijenga, kwenye ofisi na intaneti kafe za mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa fosfori zilifaa, maana picha ilihamahama. Kwa umeme hazikusaidia kitu: mrija uliendelea kurusha elektroni, na kompyuta ilifanya kazi ya kuchora tosta usiku kucha.

Mwaka 1992 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, ilianzisha alama ya Energy Star. Bidhaa za kwanza kuipata zilikuwa kompyuta na skrini. Sharti lake lilikuwa rahisi kulieleza: kifaa kikikaa bila kutumika, kishuke chenyewe hadi wati 30 au chini ya hapo. Aprili 1993 Rais Bill Clinton alitoa amri kwamba ofisi za serikali kuu zinunue vifaa vinavyotimiza sharti hilo. Mteja mkubwa kiasi hicho akisema anataka kitu, watengenezaji hawabishani.

Lakini kompyuta ingeiambiaje skrini ilale, wakati waya uliozitenganisha ulibeba picha tu? Shirika la viwango la VESA lilitoa jibu mwaka 1993, likaliita DPMS. Waya wa skrini ulibeba mapigo mawili ya kupanga muda: moja la kusema mstari mpya unaanza, jingine la kusema picha mpya inaanza. DPMS haikuongeza waya. Ilisema: ukikata pigo la kwanza peke yake, skrini ipumzike kidogo, ukikata la pili peke yake, ilale zaidi, ukikata yote mawili, izime karibu kila kitu. Ukimya ukawa lugha.

Na saa ya kuamua lini mapigo yakatwe? Ileile, inayosikiliza kibodi na kipanya.

Masalia utakayoyaona leo

Mwanabaiolojia akitaka kuonyesha historia ya mnyama anakuonyesha mfupa usiotumika tena. Sisi tunao wetu. Kwenye kompyuta ya Linux inayotumia mfumo wa picha wa X, andika amri xset q. Katika majibu utaona sehemu mbili tofauti za kuhusu skrini. Moja inaitwa Screen Saver, na ina muda wake. Nyingine inaitwa DPMS, na kwa miaka mingi pembeni yake kwenye mabano yaliandikwa maneno Energy Star. Nayo ina muda wake, tena mara tatu: wa kupumzika, wa kulala na wa kuzima. Kisha tafuta kufuli. Halimo. Kwenye X, kufuli ni kazi ya programu nyingine kabisa.

Hilo lina uzito wake. Kwenye X, programu ya kufunga ni programu kama nyingine yoyote: inatandaza dirisha juu ya skrini nzima na kuishikilia kibodi. Programu hiyo ikianguka, dirisha linaondoka, na kazi yako iko wazi. Jamie Zawinski, aliyetoa XScreenSaver mwaka 1992, aliliona hilo na akaigawa programu yake. Sehemu inayofunga ni ndogo na haina mbwembwe. Michoro yote ya kuvutia ni programu za pembeni, ili mchoro ukianguka uanguke peke yake. Kwa miaka mingi amekuwa akiwaonya wanaopamba skrini ya kufuli kwamba kila pambo ni njia mpya ya kuanguka.

Mwanzoni mwa 2021 onyo lake lilithibitika kwa namna ya kuchekesha. Mtumiaji mmoja wa Linux Mint aliripoti kwamba watoto wake, katika kuchezacheza na kubonyeza ovyo vitufe vya kibodi halisi na vya ile ya kwenye skrini, walifungua kompyuta iliyokuwa imefungwa. Herufi moja yenye alama juu yake iliiangusha kibodi ya kwenye skrini, nayo ikaanguka na kufuli zima la Cinnamon. Hakuna neno la siri lililobahatishwa. Pazia lilidondoka tu. Kwenye mfumo mpya wa Wayland, kanuni ya kufunga skrini iliyotolewa mwaka 2022 inaugeuza mpango huo: programu ya kufuli ikifa, mfumo wenyewe unaendelea kuficha kila kitu. Ni fikra ileile ya Windows NT, imefika kwa njia nyingine.

Sababu ya kwanza inarudi

Skrini bapa za LCD zilipoondoa machogo mezani, fosfori ya mrija ilikwisha habari yake. Pia maana ya weusi ilibadilika. Kwenye LCD mwanga unatoka kwenye taa iliyo nyuma, na vipande vya mbele vinauzuia au kuupitisha tu. Skrinseva nyeusi juu ya LCD ya kawaida inakuacha na taa inayowaka nyuma ya mlango uliofungwa; umeme unaokolewa karibu na bure. Ili uokoe lazima taa yenyewe ipunguzwe au izimwe. Ndipo kufifisha kulipopata umaarufu wake, kwanza kwenye kompyuta za kubeba zinazotegemea betri, baadaye mezani.

Halafu zikaja OLED, ambazo kila nukta inawaka yenyewe. Kwenye OLED weusi unaokoa umeme kweli, kwa kuwa nukta nyeusi ni nukta iliyozimwa. Lakini nukta hizo nazo zinachoka kadiri zinavyowaka. Upau wa kazi unaokaa chini ya skrini mwaka mzima unaweza kuacha kivuli chake. Socha angelitambua tatizo hilo bila kuelezwa.

Basi, upange vipi?

Ukishajua kwamba ni kazi tatu, jiulize maswali matatu badala ya moja.

Kwanza, skrini yangu ni ya aina gani? Kama ni LCD, huhitaji skrinseva ya kuilinda. Weka muda wa kuzima skrini yenyewe. Kama ni OLED, usiiache ionyeshe kitu kilekile kwa saa nyingi.

Pili, umeme. Huu ndio mpangilio unaoweza kuwa mfupi bila madhara makubwa, kwa sababu kuirudisha picha kunachukua muda mdogo tu. Kama unatazama video au unawasilisha mada, programu nyingi za siku hizi zinauomba mfumo usizime, kama POKE 77,0 ilivyofanya. Lakini kusoma PDF ndefu bila kugusa chochote, kwa kompyuta, ni sawa na kutokuwepo. Hapo urefushe muda mwenyewe.

Tatu, kufuli, na hapa ndipo watu wanapoumia. Kwenye GNOME na kwenye macOS, muda wa kufunga unahesabiwa baada ya skrini kuzima. Ukipanga skrini izime baada ya dakika tano na kufuli lifuate dakika tano baadaye, basi kwa dakika tano nzima skrini yako ni nyeusi na kompyuta iko wazi. Kwenye kompyuta nyingi za mezani zenye Windows, kuzima skrini ni mpangilio wa umeme tu na hakufungi kitu. Kufunga kuna kisanduku chake, kwenye ukurasa wa skrinseva mpaka leo. Viwango vya usalama wa kadi za malipo, PCI DSS, vinataka mtu aombwe kujitambulisha upya akikaa kimya zaidi ya dakika 15. Kwenye maabara ya chuo dakika 15 ni nyingi mno, maana anayesubiri kiti chako amesimama nyuma yako.

Ndiyo maana njia ya uhakika zaidi ni kuiacha saa ifanye kazi ya akiba na wewe ufunge kwa mkono wako unapoinuka: kitufe cha Windows pamoja na L kwenye Windows na GNOME, au Control, Command na Q kwenye Mac. Saa inakisia kwamba umeondoka. Wewe unajua.

Ukitaka kujua kompyuta yako imepangwaje, huhitaji hata kufungua mipangilio. Iache mpaka skrini iwe nyeusi, hesabu sekunde kumi, halafu mwombe rafiki yako atikise kipanya huku wewe umesimama pembeni. Atakachokiona yeye ndicho atakachokiona kila mtu.